Shahidi wa Ungo

Mzee Ambokile aliingia maabara na viazi viwili, kimoja kila mkono, akaviweka juu ya meza ya Tusekile, mahali ambapo kitu chochote cha shambani hakikuruhusiwa kukaa.

"Chagua," alisema.

Tusekile alivitazama. Vyote vilikuwa na ngozi nyekundu, umbo la ngumi ya mtoto, macho yaleyale yaliyozama. Akakiri kwamba haoni tofauti. Mzee alifurahi sana, kwa kuwa hilo ndilo jibu alilopanda mlima kulifuata. Alikuwa amekagua mbegu za viazi Isongole kwa miaka thelathini, na ulimi wake ulikuwa mkali kwa wataalamu wa aina zote. Kimoja, alieleza, hukaa ghalani miezi mitano kimetulia. Kingine, wiki tatu tu, kimeshatoa vichipukizi vya urefu wa kidole. Mkaguzi anayevipima kwa macho anampelekea mkulima njaa kwenye gunia.

"Sasa huo ungo wenu," alisema, akiuonyesha kwa kidevu, "umenipima mara tatu. Mara tatu umesema mimi ni kiazi cha ghalani. Na hiki ni nini?"

Akashusha kola ya koti. Chini ya taya tezi ilikuwa imevimba. Kwenye faili la mwezi wa pili Tusekile mwenyewe alikuwa ameandika: *kama punje ya harage*. Ilikuwa mwezi wa sita, na harage lile sasa lilikuwa kubwa kuliko yai la njiwa.

Mashine ilikaa nyuma yao, ndefu, nyeupe, ikinguruma kwa umeme wa mvuke uliochimbwa chini ya mlima Ngozi. Ilikuwa na jina refu la kiwandani ambalo hakuna aliyelitumia. Tukuyu nzima iliiita Ungo, kwa sababu ilipepeta. Wagonjwa nao walikuwa na utani wao usiozeeka: kwamba zamani watu walipanda ungo usiku kwa siri, siku hizi unaupanda mchana kweupe na unapewa namba ya foleni.

Tusekile alimweleza mzee vile alivyowaeleza wote. Saratani yake ilikuwa ya chembe ndogo za damu zinazoitwa seli B, ambazo kazi yake mwilini ni ulinzi. Zikiharibika, hujazana kwenye tezi. Tatizo ni kwamba haziharibiki kwa namna moja. Zipo aina kadhaa, na chini ya hadubini zinafanana kama viazi vyake. Kuna aina ya pembezoni, inayotembea polepole, ambayo mara nyingi mtu huachwa aishi nayo bila dawa, kwa sababu kumpa dawa mapema ni kumuumiza bure. Kuna aina ya ukanda, ambayo mara nyingi haingoji mtu. Ungo hautazami sura. Unasoma molekuli, yaani jeni zipi ndani ya chembe zimewashwa na zipi zimezimwa, halafu unauliza maswali kwa zamu. Alama ya kwanza ya ukanda ipo? Ikiwa haipo, Ungo hausumbuki kuuliza ya pili. Unaandika *pembezoni*, unaandika *asubiri*, unaita namba inayofuata.

"Na mimi alama ya kwanza haipo."

"Haipo, baba. Mara zote tatu."

"Wewe unaamini?"

Angeweza kumjibu kwa mwongozo. Badala yake alikichukua kile kiazi cha kushoto, akakigeuza, akakirudisha. Alimwambia ampe siku mbili.

*

Tusekile Mwakajila alikuwa na miaka ishirini na tisa na ugonjwa mmoja tu aliojijua nao: hakuweza kuacha jambo ambalo halijakaa sawa. Shuleni walimu waliuita ukaidi. Mama Syabumi, aliyemfundisha kazi, aliuita mtaji.

Aliuomba Ungo umwonyeshe majibu yote ya miaka minane iliyopita, aina kwa aina. Hakuwa anatafuta kitu maalumu. Mama Syabumi alimfundisha hivyo: mpepetaji mzuri hatazami nafaka iliyobaki, anatazama kilichoanguka chini.

Miaka mitano ya kwanza, kila mwaka Ungo ulikuwa umewapata watu watano, sita, saba wa aina ya ukanda. Mwaka wa sita, mmoja. Miaka miwili iliyofuata, hakuna hata mmoja.

Alipiga simu Songea, kwa mwenzake anayeendesha Ungo wa huko, akamwuliza kama mwaka huu wamewaona watu wa ukanda. Mwenzake alisema saba mpaka jana, kisha akamtania kwamba huko Tukuyu labda wanakula maziwa mgando mpaka saratani inaona aibu. Tusekile alicheka, akakata simu, na kicheko kikaisha palepale.

Ugonjwa hauhami wilaya. Basi Ungo ulikuwa umeacha kuona.

Alifungua orodha ya makapi. Ndiyo iliyoufanya Ungo uwe Ungo. Kila asubuhi, kabla ya mgonjwa wa kwanza, mashine ilipewa kijiko kimoja cha damu ya mtu mzima wa afya, mfanyakazi wa zamu, aliyeitwa shahidi. Ungo ulijifunza kwake nini ni cha kawaida, kisha ukakipepeta kitoke kwenye sampuli za wagonjwa ili kilichobaki kiwe ugonjwa mtupu. Alama iliyorudi kwa mashahidi wengi, mwezi baada ya mwezi, iliingizwa kwenye makapi na haikutazamwa tena. Orodha ilikuwa na mistari elfu nne na kitu. Mstari wa mia tisa na kumi na mbili ulisomeka hivi:

*Alama ya kwanza ya ukanda. Imeonekana kwa mashahidi wote sita. Ni ya kawaida kwa wakazi wa milima hii. Ipuuzwe.*

Tusekile alisoma mara mbili. Kisha akainuka, akaenda kwenye daftari la mashahidi lililoning'inia kwa uzi kando ya mlango, ingawa alijua kilichomo. Majina sita yalipokezana kwa adabu, Jumatatu mpaka Jumamosi: Gwamaka, Atupele, Syabumi, Tusekile, Ipyana, Bahati. Kila jina na saini yake. Mashine ililisoma daftari hilo kila asubuhi na kuliamini.

Jina la Tusekile lilikuwemo kila Alhamisi kwa miaka minane. Katika Alhamisi zote hizo hakuwa ametoa hata tone moja.

Aliogopa sindano. Aliwachoma watu kutwa nzima bila wasiwasi, lakini ncha ikielekezwa kwake aliruka kando. Gwamaka alikuwa daima kwenye mfungo wa kanisa. Atupele alikuwa mjamzito, kisha ananyonyesha, kisha mjamzito tena. Kila asubuhi ilizuka sababu, na kila asubuhi Mama Syabumi alisukuma kiti, akakunja mkono wa sweta lake la kahawia na kusema, "Leteni sindano, nyie watoto wa mayai." Baada ya hapo mwenye zamu alitia saini yake, kwa kuwa ndivyo karatasi ilivyotaka, na kwa kuwa kumwandika Mama kila siku kungemfanya aonekane anatumikishwa. Ilikuwa heshima. Hakuna aliyewahi kuiita uongo.

Mashahidi sita walikuwa mtu mmoja.

*

Ukutani, juu ya Ungo, palikuwa na kipande cha boksi kilichoandikwa kwa mkono: *Damu ya shahidi haisomwi na mtu ila mwenyewe.*

Maneno yale aliyaandika Mama Syabumi. Zamani damu ya shahidi ilisomwa kama nyingine, na kijana mmoja aitwaye Lusubilo alikutwa na kitu kwenye jeni zake. Habari ilifika kwa wakwe zake watarajiwa kabla ya kumfikia yeye. Posa ilirudishwa, Lusubilo akahama mji, na kwa miezi minne hakuna aliyekubali kutoa damu. Ungo ulikaa umezimwa, wagonjwa wakirudishwa getini. Ndipo Mama alipoandika kiapo, akafunga kumbukumbu za mashahidi kwa muhuri unaofunguka kwa kiganja cha mwenyewe tu, na wote wakaapa mbele yake. Tusekile naye aliapa siku aliyoajiriwa.

Kwa hiyo hakuugusa muhuri. Alifanya kitu kingine, na alipokuwa akikifanya alikiona kuwa safi kabisa. Aliuwasha Ungo ukiwa na kumbukumbu tupu, kama siku ulipotolewa kwenye sanduku. Uliomba shahidi. Aliketi, akajifunga mpira juu ya kiwiko, akauma kola ya koti lake na kujichoma. Chumba kikazunguka kidogo, kikasimama. Kisha akaweka kipande cha tezi ya Mzee Ambokile.

*Alama ya kwanza?* Ungo uliuliza, na ukajijibu: *Ipo.*

*Alama ya pili?* *Ipo.*

*Aina ya ukanda. Ya haraka. Atibiwe.*

Ilikuwa saa nne na dakika ishirini asubuhi, mvua ikipiga mabati, na kwa muda wa pumzi tatu au nne Tusekile alifurahi kama mtu aliyepata ufunguo uliopotea. Alikuwa amelipata jibu. Kisha nusu ya pili ya hesabu ikajimaliza yenyewe, bila kuombwa. Kama alama ile ilitoka kwa shahidi, na shahidi alikuwa mmoja, basi chembe zenye alama ile zilikuwa zinatembea, wakati huohuo, ndani ya mkono wa mwanamke aliyekuwa chumba cha pili akipanga vioo vya hadubini na kuimba.

Hakuwa amesoma kitu. Alikuwa amejua tu. Alijaribu kuona tofauti ya mambo hayo mawili na hakuiona.

Alasiri ile Mzee Ambokile alipelekwa kwa daktari na kupewa vidonge vya kwanza. Hakusema nilikwambia. Aliuliza tu kama wako viazi wengine ghalani.

Walikuwepo. Tusekile aliwahesabu: watu arobaini na mmoja walioandikiwa *pembezoni, asubiri* tangu alama ilipoingia kwenye makapi. Sampuli zao zilikuwa bado kwenye jokofu. Wengi wao kweli walikuwa wa pembezoni. Wachache hawakuwa, na walikuwa nyumbani wakichuma chai na kufunga tai za watoto wao, wakisubiri kwa utiifu.

Aliandika barua mbili. Ya kwanza ilisema kumbukumbu ya mashine imepata hitilafu, vipimo vinarudiwa. Ingetosha. Angefuta makapi, angelazimisha zamu zitolewe kweli, na Mama Syabumi angestaafu mwaka ujao bila kujua chochote. Ya pili ilisema kilichotokea.

Ya kwanza ilikuwa nyepesi, na sababu zake hazikuwa za woga peke yake. Serikali ilipowahi kutoa nafasi ya bure kwa wafanyakazi kusomwa, Mama alikataa mbele ya wote. Mume wake alikuwa ameambiwa ugonjwa wake mapema, alisema, na tangu siku hiyo hakula chakula kwa ladha. Kwa hiyo alikufa mara mbili, na mara ya kwanza ndiyo iliyokuwa ndefu. "Mimi ni shahidi," alimwambia ofisa aliyekuja na fomu, "si mshitakiwa."

Mtu aliyesema hivyo ana haki ya kutojua. Tusekile aliliamini hilo. Lakini alama ya kwanza peke yake haisemi kitu. Wapo wanaoishi nayo miaka mingi kwa amani, alama ya pili ikiwa haipo. Wapo ambao wanayo. Kumnyamazia Mama kulikuwa ni kumfanyia yeye kilekile Ungo ulichowafanyia wale arobaini na mmoja: kumwandikia *asubiri* bila kuuliza swali la pili.

*

Asubuhi iliyofuata Mama Syabumi alisukuma kiti na kuanza kukunja sweta.

"Leo natoa mimi, Mama," Tusekile alisema. "Shikamoo."

"Marahaba. Wewe? Nani kakuroga?" Akacheka, akamtazama vizuri, akaona plasta ndogo kwenye kiwiko chake. Kicheko kikapungua taratibu. "Jana ulijichoma."

"Ndiyo."

"Kwa sampuli ya yule mzee wa viazi."

"Ndiyo, Mama."

"Na Ungo ukajibu tofauti."

Mama Syabumi aliiteremsha mikono ya sweta, wa kulia kisha wa kushoto, akavuta kila mmoja mpaka kwenye kifundo. Alikuwa ameendesha mashine ile kwa miaka kumi na sita. Hakuhitaji kuonyeshwa mstari wa mia tisa na kumi na mbili. Alihitaji tu kukumbuka ni nani aliyekaa kwenye kiti.

"Umefungua muhuri?"

"Sijaugusa."

"Lakini umejua."

"Nimejua nusu. Nusu nyingine siijui, na sikutaka kuijua kabla yako." Alionyesha meza kwa kidole. "Nilitaka kukuficha. Nimeandika na barua. Iko pale."

Mama alizisoma barua zote mbili, akiwa amesimama, akizisogeza mbali na macho kwa kuwa miwani ilikuwa chumba cha pili. Gwamaka alifungua mlango, akaona nyuso zao, akaufunga.

"Wangapi?" Mama aliuliza.

"Arobaini na mmoja. Sijui ni wangapi kati yao."

"Namba kumi na saba ni mke wa mchungaji wetu. Juzi nimemwambia ashukuru Mungu, yeye ni wa kusubiri." Akaikunja barua ya kwanza mara nne, akaitia mfukoni. "Hii haifai. Watu wakiandikiwa *hitilafu ya mashine* watasema mashine zina mambo yake, watakuja baada ya mavuno. Tuma hii nyingine. Uandike jina langu. Wananijua. Jina langu halipuuzwi."

"Mama, kiapo."

"Kiapo ni cha kunilinda mimi. Naweza kukivua kama sweta." Kisha, kwa sauti ya chini zaidi: "Na uandike na majina yenu watano. Sikujisainia peke yangu."

Tusekile aliinamisha kichwa. Hilo alikuwa amelisahau kwenye barua zote mbili. Aliomba radhi, na Mama aliipokea kwa kutikisa kichwa tu, kama mtu anayepokea mzigo ambao ataukagua baadaye.

Kisha Tusekile akamwambia lile lililobaki. Kwamba kumbukumbu sasa ni tupu na shahidi yupo. Kwamba wangeweza kuanza na Mama mwenyewe, saa hii, dakika arobaini tu, iwe imekwisha. Kama angependa. Kama asingependa, hakuna ambaye angeuliza tena.

Mama Syabumi alitazama lile boksi ukutani, mwandiko wake wa zamani ambao wino wake ulikuwa umegeuka rangi ya chai. Ilionekana anausoma kama umeandikwa na mtu mwingine.

"Mume wangu waliambiwa ndugu zake kwanza," alisema. "Wakakaa kikao. Yeye akaingizwa baadaye, kila mtu amekwisha kulia. Hicho ndicho kilichomuua mara ya kwanza. Nimekaa miaka yote hii nikidhani ni kule kujua." Akaenda kwenye kibao cha foleni, akachukua kalamu. Chini ya namba arobaini na moja akaandika arobaini na mbili, na jina lake lote. "Foleni ni foleni. Mlete wa kwanza."

*

Ungo ulisoma sampuli saba kwa siku. Mashahidi walitoa damu kwa zamu: Gwamaka aliyefungua mfungo wake, Ipyana, Bahati, Atupele kwa ruhusa ya mkunga. Siku ya sita, Alhamisi, ilikuwa ya Tusekile. Kufikia hapo watu wanne walikuwa wamehamishwa kutoka *asubiri* kwenda *atibiwe*, na mke wa mchungaji hakuwa mmoja wao. Mmoja wa wanne, mchuma chai wa Katumba, alikuja mwenyewe na barua mkononi, akataka kumwona huyo Syabumi aliyemficha. Walikaa benchi moja nje kwa muda mrefu. Waliyoongea hayakufika ndani.

Saa tisa alasiri namba arobaini na mbili iliitwa.

Mama aliketi mbele ya kioo cha Ungo. Alikuwa amevaa miwani safari hii. Tusekile aliiweka sampuli, akafunga kifuniko, na mashine ikaanza kunguruma. Swali la kwanza lilikuja na kujijibu kama walivyotarajia, na hakuna aliyeshtuka. Kisha kioo kikatulia, na maneno yakatokea: *Alama ya pili?* Chini yake palikuwa na duara la muhuri, likingoja kiganja.

Tusekile hakuwahi kutaka kujua kitu maishani kama alivyotaka kujua hicho. Aligeuka, akautazama ukuta, lile boksi, herufi moja baada ya nyingine.

Nyuma yake alisikia kiganja kikitua kwenye kioo. Alisikia mashine ikijibu kwa mlio wake mfupi, uleule kwa majibu yote. Baada ya hapo alisikia mvua tu, na pumzi ya mtu anayesoma mstari mpaka mwisho, akaurudia, akafika mwisho tena.

Kiti kilisukumwa.

"Haya, geuka," Mama Syabumi alisema, akifuta miwani kwa pindo la sweta. "Nipe hilo daftari. Kesho zamu ya nani?"